Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha Dar es Salaam: Ununue Mtaa Gani?

Mpangaji wetu wa kwanza alikuwa dada mmoja muuguzi. Nyumba iko Kigamboni, mbele ya Kibada: vyumba vitatu na sebule, fensi ya tofali, geti jeusi, mwembe mmoja uani. Mimi na mke wangu tulinunua pagale, tukalimalizia kwa kudunduliza miaka miwili, na siku fundi alipokunja turubai lake la rangi tulikaa barazani tukijua kazi imekwisha. Nyumba ikakaa tupu miezi saba. Dada huyo alipopatikana alilipa kodi ya miezi sita, na ilipokwisha akaturudishia funguo. "Kaka, nyumba yenu ni nzuri kweli," aliniambia, "lakini mwili umechoka." Kazi yake ilikuwa Muhimbili, ng'ambo ya maji. Zamu ya asubuhi ilimtaka atoke kitandani saa kumi alfajiri.

Tangu hapo kila anayetuuliza anunue wapi nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, awe mfanyakazi mwenzetu au ndugu aliyeko Muscat mwenye akiba yake, anategemea tumtajie mtaa. Tunamrudishia maswali mawili: nani atapanga hapo, na ataamka saa ngapi? Ukiweza kuyajibu haya kwa uhakika, mtaa unajitaja wenyewe. Usipoweza, hata ukionyeshwa nyumba yenye vigae vya Kihispania, bado hujajua unachonunua.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba biashara mbili tofauti zinauzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni ardhi inayopanda thamani. Unanunua Chanika, Madale au Mabwepande wakati bado kuna mihogo shambani, unangoja barabara, umeme na watu, kisha unauza. Ya pili ni nyumba inayopangika, inayokuletea fedha kila msimu kuanzia mwaka wa kwanza. Dalali akikwambia "hapa hupotezi", mara nyingi anazungumzia ya kwanza, na wewe unasikia ya pili. Bei ya kiwanja huvutwa na matumaini ya wanunuzi, na matumaini hayo yanaweza kwenda mbio. Kodi ya nyumba hufungwa na mshahara wa mpangaji, na mshahara unatembea polepole. Ndiyo maana utakuta eneo ambalo kiwanja kimepanda mara tatu ndani ya miaka michache lakini chumba na sebule kinapangishwa kwa kodi ileile ya zamani.

Chukua mfano, na namba zake ni za kujifunzia tu. Una shilingi milioni 80. Unaweza kupata nyumba nzima ya vyumba vitatu pembezoni mwa jiji, ndani ya fensi, inayopangishwa 400,000 kwa mwezi. Au unapata nyumba ya zamani ya korido karibu na mjini, vyumba sita, kila kimoja 80,000. Ya kwanza kwa mwaka inasomeka milioni 4.8, ya pili milioni 5.76. Tofauti haionekani kubwa. Sasa toa miezi ya utupu. Mpangaji wa nyumba nzima akihama, kodi yote inakatika siku hiyo, na pembezoni kupata familia nyingine kunaweza kuchukua miezi mitatu. Umebaki na milioni 3.6. Kwenye vyumba sita, hata kama kila chumba kitalala tupu mwezi mmoja kwa mwaka, umebaki na milioni 5.28. Toa matengenezo, tuseme 480,000 kwa nyumba mpya na 800,000 kwa ile ya zamani, maana bati na mabomba yake yamechoka. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, ile inayokwenda Serikalini. Nyumba ya fensi inakuachia kama milioni 2.76, na ya korido karibu milioni 3.95. Ukilinganisha na milioni 80 ulizoweka, ya kwanza imekulipa kama asilimia 3.5 na ya pili karibu asilimia 5.

Asilimia 5 si ya kuringia. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25, yaani mkopo unaoipa Serikali ikulipe riba, ilipoanza kuuzwa na Benki Kuu mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, bila kubadilisha bati wala kudai mtu kodi. Wanaonunua nyumba wanajua hili, au wanapaswa kulijua. Wanategemea kwamba juu ya pango thamani ya nyumba na ardhi itapanda, na kwamba nyumba ni mali wanayoweza kuwarithisha watoto. Hesabu hiyo ni halali kabisa. Shida huja unapolipia matumaini ya ardhi kwa bei kamili, halafu ukategemea pango lilipe ada za shule Januari hii. Kabla hujatoa fedha, amua kati ya hizo mbili ipi ndiyo unayoihitaji mapema zaidi. Kama ni pango, sogea karibu na watu hata kama jengo ni la zamani. Nasema hivyo nikiwa nimewahi kufanya kinyume.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao walianza na chumba cha kupanga. Ndiyo sababu wenye nyumba wapya huamini kwamba popote ukijenga watakuja. Lakini watu hawamwagiki sawasawa kama maji kwenye sinia. Wanafuata kazi, na kati ya kazi na nyumba kuna nauli, foleni na usingizi.

Hivyo usiende kuona mtaa Jumapili alasiri pekee, siku ambayo madalali hupenda kukupeleka. Barabara ni nyeupe, watoto wanacheza mpira, upepo unavuma. Rudi Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, usimame kwenye kituo cha daladala kilicho karibu na nyumba hiyo. Angalia magari mangapi yanapita yakiwa yamejaa bila kusimama. Angalia watu wanaogeuza na gari, yaani wanaopanda kuelekea mwisho wa njia ili wapate kiti cha kurudi nalo mjini, wakilipa nauli mara mbili. Kama wengi wanageuza, nauli halisi ya mtaa huo ni mara mbili ya ile iliyoandikwa, na mpangaji wako atazitoa fedha hizo kwenye kodi aliyotaka kukulipa wewe. Panda nao. Tazama saa unapopanda na unaposhuka Posta, Kariakoo, Mwenge au popote unapodhani wapangaji wako watafanya kazi. Sisi tulikuwa tumeizoea Kigamboni kwa gari letu, Jumamosi, tukipita juu ya Daraja la Nyerere huku tukitazama maji. Hatukuwahi kusubiri pantoni asubuhi ya siku ya kazi.

Njia ya mabasi ya mwendokasi ya Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi mwaka 2016, ilibadili hesabu ya barabara nzima ya Morogoro. Mtu wa Kimara Korogwe au Baruti akaanza kuipima safari ya mjini kwa namna nyingine, hata kwa msongamano unaojulikana wa mabasi yale. Kituo kikuu cha mabasi kilipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, kikahama na watu wake: makondakta, wakata tiketi, mama ntilie, wauza maji, wapakiaji mizigo. Hao hawataki vyumba vitatu na fensi. Wanataka chumba safi chenye choo cha kueleweka, umbali wa kutembea kwa miguu usiku. Mbele kidogo, hospitali ya Mloganzila inahitaji makazi ya wauguzi na mafundi wa maabara wanaofanya kazi kwa zamu. Anayenunua pande hizo anaweza kuwataja wapangaji wake kabla hajaweka tofali.

Vivyo hivyo Ilala, Magomeni na Kigogo, ambako wachuuzi na wapakuzi wa Kariakoo hupenda kulala kwa sababu wanafunga biashara usiku na kuamka mapema. Changanyikeni na Makongo zina wanafunzi wa Mlimani na Chuo Kikuu Ardhi. Hao wanalipa vizuri kama mazingira ni tulivu, ila kumbuka likizo ndefu: chumba cha mwanafunzi kinaweza kuwa cha miezi minane au tisa kwa mwaka, na hesabu yako iwe hivyo. Tabata, Segerea na Kinyerezi zina familia za watumishi na wafanyabiashara wa kati. Hawa wakishaandikisha watoto shule ya jirani hawahami ovyo, na kwa mwenye nyumba mpya uthabiti huo una thamani kuliko kodi ya juu. Masaki na Oysterbay siziongelei. Mwenye uwezo wa kununua kule ana washauri wake.

Kuna jambo la ahadi, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Bei za ardhi Dar es Salaam hupanda kwa tetesi. "Barabara inapita hapa", "stendi inahamia hapa", "mwekezaji keshapima." Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na kwa miaka kadhaa wakazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakingoja mji ambao haukujengwa kama ulivyochorwa. Waliokuwa wameingia kwa mkopo waliumia zaidi. Njia ya mwendokasi ya Mbagala ilikaa muda mrefu lami yake ikiwa tayari bila mabasi kutembea juu yake, na aliyepandisha kodi siku lami ilipokauka alijikuta na vyumba vitupu. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, na ina stesheni Pugu. Ni jambo kubwa kwa nchi, lakini ratiba na nauli zake ni za safari za mikoani, si za kumfikisha karani ofisini kila asubuhi. Kanuni tunayoifuata nyumbani kwetu ni kulipia kile ambacho mpangaji anaweza kukitumia wiki ijayo. Ahadi ikija kutimia, tutashukuru.

Ardhi ya hatari nayo mara nyingi ndiyo yenye bei tamu. Bonde la Msimbazi liko karibu na mjini kuliko mitaa mingi inayotamaniwa, na ndiyo maana watu walijenga humo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa wengi wakapelekwa Mabwepande, na miaka iliyofuata nyumba nyingi za bondeni zilivunjwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na "mto" hapa si Msimbazi tu. Jiji limejaa vijito vinavyolala kiangazi chote na kuamka Aprili. Ukionyeshwa nyumba, pita nyuma yake. Tazama ukuta wa nje chini ya dirisha: alama ya maji huacha mstari wa rangi ya chai usiofutika hata ukipakwa chokaa, maana unyevu huurudisha. Angalia kama majirani wameinua vizingiti vya milango kwa tofali moja au mbili. Hakuna anayeinua kizingiti kwa mapambo.

Hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kando ya barabara, ni hatari ya aina yake, kwa sababu jengo linaweza kuwa zuri, la miaka mingi, lenye umeme na maji ya Serikali, na bado likawa mahali pasipostahili. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba nyingi zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, ambako eneo la hifadhi lilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Watu walikuwa na mita za umeme za LUKU ukutani, wakadhani mita ni hati. Huduma ikifika kwenye nyumba haina maana kwamba umiliki umethibitishwa. Nenda TANROADS, wakala wa barabara, au kwa afisa mipango miji wa manispaa ukaulize upana wa hifadhi ya barabara iliyo karibu, hata kama unachonunua kiko nyumba ya tatu kutoka lami.

Hapo ndipo karatasi zinapoingia, nazo pia hubadilika kwa mtaa. Nchini kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na tunachomiliki ni haki ya kuitumia. Hati miliki ya miaka 33, 66 au 99 ndiyo karatasi yenye nguvu. Barua ya toleo ni hatua ya kuielekea. Leseni ya makazi hutolewa kwenye mitaa isiyopimwa. Ni ya muda mfupi na inahuishwa. Chini kabisa kuna mauziano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi, ambayo ndiyo yanayotawala mitaa mingi yenye wapangaji wengi. Unaona ugumu ulipo: mitaa ambayo pango ni la uhakika, Manzese, Tandale, Mwananyamala, ndiyo ambayo karatasi mara nyingi ni dhaifu, na miradi ya viwanja vilivyopimwa yenye hati safi mara nyingi ndiyo iliyo mbali na kazi za watu.

Mtu mwenye fedha yake yote ndani ya nyumba moja, ningemshauri asiingie penye mauziano ya mtaa peke yake kama hana mwenyeji anayemwamini hapo. Penye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kulipa hata shilingi ya "kushikilia": utajua kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Kama ni nyumba ya urithi, na nyumba za korido za Ilala na Magomeni nyingi ni za urithi, mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa mwenye funguo si msimamizi wa mirathi.

Nyumba ikiwa na wapangaji tayari, omba kuona mikataba yao na risiti za mwisho. Tulinusurika hapa. Nyumba ya pili tuliyoiwania ilikuwa na wapangaji watatu, na muuzaji alitueleza kwa fahari kwamba wote ni walipaji wazuri. Mke wangu akawauliza wao wenyewe, mmoja mmoja, akiwa anateka nao maji. Wote watatu walikuwa wamelipa kodi ya mwaka mzima mwezi uliopita. Maana yake tungenunua nyumba na kukaa miezi kumi na moja bila senti, fedha zikiwa mfukoni mwa muuzaji. Tukazitoa kwenye bei, akakasirika, siku ya tatu akakubali.

Maji na umeme nitavigusa kwa haraka. Hesabu mita za LUKU ukutani. Vyumba sita kwenye mita moja ni ugomvi wa kila wiki kuhusu nani ana friji na nani anapiga pasi, na wapangaji wazuri huhama kwa sababu hiyo kabla ya sababu nyingine zote. Kuhusu maji usimuulize muuzaji. Muulize fundi bomba wa mtaani maji ya bomba hutoka siku zipi, kisha muulize mama wa genge ni nani kahama karibuni na kwa nini. Genge moja lenye nyanya na mkaa linajua habari za vyumba tupu vya mtaa mzima.

Na umbali wa kwako wewe, mwenye nyumba. Ndugu zetu wa ughaibuni hili huwagusa zaidi, lakini hata anayeishi Mbezi akanunua Mbagala ataliona. Nyumba ya kwanza itakuita sana: bomba limepasuka, mpangaji anadai kufuli, jirani kasogeza fensi. Kama huwezi kufika na kurudi siku hiyohiyo, unamtegemea mtu, na mtu huyo alipwe kwa makubaliano ya maandishi hata akiwa mdogo wako wa tumbo moja. Nimeona undugu ukivunjika kwa kodi ya chumba kimoja.

Sisi tulihamishia akiba iliyofuata Tabata, nyumba ndogo yenye sehemu mbili, choo ndani, mita mbili, bati la zamani tulilolibadilisha mwaka wa pili. Haipendezi kama ile ya Kigamboni, wala haina mwembe. Haijawahi kukaa tupu zaidi ya wiki tatu.

Ile ya Kigamboni hatukuiuza. Mke wangu aliacha kuitangaza kwa madalali wa mjini, akaenda kuzungumza na wakuu wa shule za hukohuko. Mpangaji wa sasa ni mwalimu. Shule yake iko umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu, anatoka saa moja kasoro akiwa amekunywa chai, na huu ni mwaka wake wa nne.